Jirani wa Ndani ya Ua

Mama yangu ana kichwa kigumu, na kama mnadhani natia chumvi, njooni mumhamishe nyinyi.

Nyumba yake ni ya mwisho kabla ya hifadhi. Ukitoka mlango wa jikoni unapita kamba ya nguo, unapita bomba la maji, unapita banda la kuku ambalo siku hizi lina ndoo tupu na baiskeli ya marehemu baba, halafu unakutana na ua wa lantana, mmea wa miiba. Ulikuwa umepita urefu wa mlango, mnene kiasi kwamba mkono hauingii bila kuchanwa. Nyuma yake ndilo bonde, na bonde ni la wanyama. Tuseme zamani lilikuwa lao. Nikiwa mtoto nilikuwa naosha vyombo dirishani huku natazama swala wakiteremka kunywa maji kijitoni, na mama akinigombeza kwamba nimekodoa macho wakati sufuria bado ina masizi.

Ua aliupanda baba. Alikuwa dereva wa lori la hifadhi, na alipomleta mama katika nyumba ile alikata vijiti kwenye bustani ya ofisi ya mkuu wake, akavichomeka nyuma ya jiko ili mke wake akiamka aone maua. Maua yenyewe mazuri, siwezi kusema uongo: katikati njano, pembeni waridi, na mengine yanabadilika rangi kadiri yanavyozeeka. Ndiyo maana sisi wa kazi ya kung'oa tunauita mmea huu bibi harusi. Baba hakujua alichokipanda. Mkuu wake hakujua. Ndege nao hawakujali, walikula vitunda vyake vyeusi, wakaruka bondeni, wakafanya mambo yao ya ndege, na kila walipofanya pakaota kichaka.

Nilipofika umri wa kuolewa, bonde lilikuwa limezibwa. Nyasi zilikufa kwa kukosa jua. Swala hali majani ya lantana, na hapendi kupita mahali asipoona mbele yake, basi wakaanza kuzunguka kwenda majini kwa njia ya barabara ya malori. Lori halimngojei swala. Waliobaki bondeni ni wale wanaopenda giza: nguruwe pori, nungunungu, na fisi wa kupita. Dirishani kwa mama pakawa ukuta wa kijani tu, na mimi nikaolewa, nikaachika, nikapanga nyumba mjini, na binti yangu akaenda chuo. Hayo ya kuachika si ya leo.

Kazi yangu ni kuuondoa huo ukuta. Mimi ni nyapara wa kikosi cha kung'oa, na vijana wangu huniita Pilipili wakidhani sisikii. Tunakata matawi, tunang'oa shina na mizizi yake, na hapo ndipo tunamhitaji Tingatinga, jitu la mabega mapana ambalo likishika shina, shina linatoka au ardhi inatoka nalo. Matawi tunayarundika yakauke, kisha tunayachoma. Na kabla ya kuchoma tunapiga masufuria. Tunasimama upande mmoja wa rundo na masufuria yetu mabovu, tunapiga kelele kama wendawazimu, na aliyejificha ndani anatoka upande wa pili akimbilie anakojua mwenyewe. Ndivyo nilivyofundishwa kazi, na sikuwahi kuona ubaya wake.

Anayetuambia kama tunafanya la maana ni Miwani. Ni mtaalamu wa wanyama, binti wa umri wa kuwa mdogo wangu wa mwisho, mwenye miwani mikubwa kuliko uso. Anafunga kamera kwenye miti, na mnyama akipita kamera inapiga picha yenyewe. Mwaka tulipomaliza kung'oa sehemu ya juu ya bonde na nyasi zikarudi, aliniita ofisini kwake akageuza kompyuta. Swala. Kundi zima, jike na watoto, wamesimama palepale nilipochanwa mikono mwaka mzima. Nililia. Miwani, Mungu ambariki, akajifanya anatafuta chaja chini ya meza.

Lakini kila mvua ikinyesha, miche ya lantana ilichipua upya katika nyasi zetu. Tukawa tunang'oa, inaota, tunang'oa, inaota. Kila mtu kazini alijua mbegu zinatoka wapi, ila nani amwambie Pilipili? Mwisho Miwani alijitolea.

"Dada," akasema, "ua wa mama."

"Najua ni ua wa mama."

"Ofisi wanasema mwaka huu utoke. Usipotoka, swala hawa hawatabaki. Bonde litaziba tena."

Nikamjibu vibaya, kisha nikamwomba radhi. Maana jambo halikuwa ua peke yake. Wiki hiyohiyo mama alikuwa ameteleza pale bombani, akaanguka, akalala chini mpaka Tingatinga alipopita na kumsikia. Mkono ulivunjika. Alipofungwa plasta nilimtazama amekaa kitandani hospitalini, mdogo, khanga imemzidi, nikajiambia basi. Nyumbani kwangu mjini nina chumba. Nikakipaka rangi, nikanunua kitanda kifupi ambacho hahitaji kupanda, nikatundika pazia. Nilichotaka duniani wakati huo ni kimoja tu, mama yangu alale mahali ambapo akiita, mimi nasikia. Na alichotaka yeye ni kimoja tu, asing'olewe pale.

Nikaenda kwake Jumapili moja mchana, nimebeba unga na nyama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kama umekuja na habari za chumba, zirudishe."

"Mbona hata sijakaa?"

"Umeingia na ule uso."

"Uso gani?"

"Wa baba yako akitaka kuuza kitu changu."

Nilikuwa nimepanga kuongea taratibu. Nilifanya hata mazoezi garini. Lakini mimi na taratibu hatujuani. Nikamwambia chumba kipo tayari, nikamwambia ua unang'olewa kwa amri ya ofisi, nikamwambia mzigo mzima kwa pumzi moja. Mama akawa anakoroga chungu kwa mkono mmoja, wala hageuki.

"Ua hautoki," akasema.

"Mama, ni kichaka! Baba hayumo humo ndani!"

Nilitamani niyaokote maneno yangu sakafuni niyameze. Mama akaweka mwiko chini, akanigeukia, na mabega yake yakaanza kutikisika. Nikadhani analia, kumbe anacheka.

"Nani kakwambia ni mambo ya baba yako? Baba yako, Mungu amrehemu, alipanda akaenda zake. Tangu siku hiyo hakuwahi kupunguza hata tawi. Aliyechanwa ni mimi. Ningekuwa namkumbuka kwa ua huu, ningemkumbuka kwa matusi."

"Sasa shida ni nini?"

"Vua viatu. Njoo. Na ufunge huo mdomo, kama unaweza."

Tukakaa kwenye vigoda kando ya banda la kuku. Jua lilikuwa limeanza kulegea. Tulikaa mpaka mguu wangu ukafa ganzi, nikataka kusema kitu, mama akanifinya. Kisha chini ya ua, palipo na kijitundu ambacho ningeapa hata sungura hapiti, ikatoka pua. Ndefu kidogo, laini, inachezacheza. Ikafuata kichwa, yakafuata masikio, na mwishowe akatoka digidigi mzima, si mkubwa kuliko mwanambuzi, miguu myembamba mpaka unamwonea huruma. Chini ya jicho lake palikuwa na doa jeusi lenye unyevu.

"Huyo ni Jirani," mama akanong'ona. "Walikuwa wawili. Hawa hutembea mke na mume, hata choo chao ni kimoja. Wa kiume aligongwa na lori kule barabarani, mwaka uleule baba yako alipotutoka. Nikasema huyu naye atakwenda zake. Hakwenda. Asubuhi nikifungua mlango namkuta pale, nami namwambia, Jirani, kumekucha. Unaliona hilo jicho? Analia mpaka leo."

Miaka yote hiyo nilidhani mama anamlinda marehemu, kumbe anamlinda mjane. Hasira zangu zikakosa pa kukaa.

"Nikija huko kwako," akasema, "asubuhi nitamwambia nani kumekucha?"

"Utaniambia mimi, mama."

"Wewe? Wewe asubuhi unatoka na chai mkononi, na kurudi ni jua likishazama. Mimi nitakaa na pazia lako jipya."

Iliniuma, kwa sababu ilikuwa kweli.

Nilimweleza Miwani kesho yake, nikitegemea atasema digidigi mmoja si kitu mbele ya bonde zima. Badala yake akavua miwani, akaifuta, akaomba kwenda kumwona mama. Akaenda na andazi la kununua na kamera. Walikaa kwenye vigoda wawili hao mchana kutwa, na mimi nikaachiwa kuosha vyombo kama zamani.

"Mama," nikamsikia Miwani akisema, "lile doa la jichoni si machozi. Ni kitu kama gundi, kinatoka kwenye tezi. Anakipaka kwenye ncha za vijiti. Ni alama yake. Anasema, hapa ni kwangu."

Mama akafikiri.

"Basi mwanangu, ni machozi hayohayo," akasema. "Hata mimi nikilia ndani ya nyumba hii, ndicho ninachosema."

Miwani hakubisha. Akamweleza mambo mengine, polepole. Kwamba Jirani hakuchagua lantana kwa kuipenda. Zamani bonde lilikuwa na mikole, ile miti mifupi ya vitunda vitamu, na vichaka vidogo vya miiba, na digidigi alikula majani yake na kujificha humo humo. Lantana iliua vichaka vile kimoja kimoja mpaka yeye akabaki na kivuli kisicholika, na kila akitaka kula inabidi atoke mbali, mahali peupe. Ndipo mumewe alipogongwa.

"Kumbe aliponzwa na ua wangu," mama akasema.

"Aliponzwa na lori, mama."

"Usinibembeleze. Nimesikia."

Akapangusa plasta yake kana kwamba ina vumbi. Halafu akaniita nje, akatoa sharti lake mbele ya mtaalamu ili nisije nikalikana.

"Mpandieni vichaka vyake kwanza. Vikikua, kateni ua kidogo kidogo kuanzia mwisho wa kule. Asifukuzwe. Asipigiwe kelele. Siku akiondoka humu kwa miguu yake mwenyewe, kwa hiari yake, ung'oeni wote. Na siku hiyo mimi nami nitafunga mizigo nije kwenye chumba chako."

"Kweli, mama?"

"Nimewahi kukudanganya?"

Miwani akatuombea muda zaidi ofisini, basi tukaanza, na nitasema yaliyokuwa moyoni: Miwani alikuwa anafikiria digidigi na swala, mimi nilikuwa nafikiria kile kitanda kifupi. Kila mche wa mkole nilioupanda nyuma ya ule ua niliupanda kwa haraka ya mtu anayesubiriwa. Mama aliimwagilia kwa birika, mkono mmoja plasta, akiiambia miche ikue taratibu, isinisikilize mimi. Plasta ikatolewa. Mvua zikaja zikapita, zikaja nyingine. Mikole ikanifika gotini, ikanifika kiunoni, mama akaanza kuniletea vitunda vyake viganjani, akisema hajavila tangu utotoni.

Tukakata ua kipande kwa kipande. Matawi tuliyarundika upande wa bondeni, karibu na mikole, yakauke. Tingatinga aliyazoea masharti ya mama mpaka akawa anang'oa mashina kwa kunong'ona, jitu zima linatembea kwa ncha za vidole.

"Bosi," akaniuliza siku moja, "hivi tunafanya kazi au tunaiba?"

Mwishowe kikabaki kipande kimoja tu, kile cha karibu na bomba, chenye kile kijitundu. Miwani akaielekeza kamera pale. Asubuhi Jirani anatoka, jioni anarudi. Halafu siku moja hakurudi. Siku ya pili hakuna. Tukangoja wiki nzima, na picha zikaja na panya, na paka wa mtu, na mama akienda bombani akiwa amevaa khanga ya kulalia, picha ambayo aliamuru ifutwe. Jirani hakuwemo.

"Ameondoka?" nikamuuliza Miwani.

"Kwenye ua ameondoka," akasema, akikuna kichwa. "Hakuna aliyemsumbua. Ila sijui yuko wapi."

Mimi sehemu ya pili wala sikuisikia. Niliendesha gari mpaka kwa mama nikiimba. Nikamkuta anapepeta mchele, nikamwambia, mama, umeshindwa! Ameondoka, kwa miguu yake, kwa hiari yake! Nilisema hivyo, kwa sauti hiyo, kama mtu aliyeshinda karata.

Mama akapepeta mara mbili tatu hivi.

"Nilikuwa nashangaa," akasema. "Asubuhi nasema kumekucha, naona kimya." Kisha akaweka ungo chini. "Basi. Nilisema nitakuja, nitakuja."

Hakunigombeza, hakubisha, hata mzaha hakufanya. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita, na vita havikuja. Wiki hiyo tulikata kile kipande cha mwisho, na kwa mara ya kwanza tangu utoto wangu bonde likaonekana kutoka dirisha la jikoni. Mama alisimama pale na kitambaa cha vyombo mkononi. Kule mbali, kwenye nyasi, palikuwa na swala wachache.

"Wamerudi," akasema. "Utaosha wewe vyombo leo. Mimi natazama."

Siku ya kuhama ndiyo niliyoipanga iwe siku ya kuchoma rundo, kwa sababu upepo ulikuwa umetulia na gari la kazi lilikuwa pale. Mzigo wa mama ulikuwa sanduku moja. Mtu ameishi nyumba moja maisha yake yote halafu sanduku moja! Nikamwambia tutarudi kuchukua vingine, akasema havina haja. Tingatinga akaliweka sanduku nyuma ya gari kwa adabu kama amebeba mtoto. Mama akafunga mlango wa jikoni, akaujaribu kama umefungwa, akaujaribu tena. Kisha akapanda kiti cha mbele, akaweka mkoba mapajani, akaushika kwa mikono yote miwili.

"Chomeni kwanza," akasema. "Nitangoja."

Vijana wakachukua masufuria. Sharti la mama la kelele lilikuwa la ua, na ua haukuwepo tena. Mimi nikashika kiberiti, nikazunguka rundo upande wa bondeni kutafuta pakavu pa kuwashia.

Pale chini, kwenye nyasi zilizoota kando ya matawi, palikuwa na kinyesi. Vidonge vidogo vyeusi vinang'aa, vibichi, vimewekwa juu ya vikavu, mahali pamoja, kwa unadhifu. Nikainama. Kijiti kimoja cha lantana kavu kilikuwa kimechomoza kutoka kwenye rundo, na kwenye ncha yake palikuwa na tone jeusi la gundi. Nikaligusa, likanata kidoleni.

Hapa ni kwangu.

Ewe Mungu wangu. Tulikuwa tumeulinda ua kwa kamera usiku na mchana, na rundo letu wenyewe tumelipa mgongo. Kadiri tulivyokata kwake, ndivyo tulivyomjengea kwingine bila kujua. Jirani hakuwa amekwenda popote, alifuata matawi ya nyumba yake.

"Bosi, tuanze?" Tingatinga akauliza, sufuria juu.

Nilikuwa na jibu rahisi. Piga masufuria, atoke, akimbie, tuchome. Ndiyo kazi yetu, wanyama wangapi wametoka hivyo. Mama angesikia kelele za kawaida, asingejua. Nikanyanyua kichwa nimtazame kama ananiona.

Hakuwa ananiona. Hakuwa anatazama rundo, wala nyumba, wala bonde. Alikuwa anatazama mbele kwenye kioo cha gari, mkoba umebanwa mapajani, amekaa wima kama abiria asiyetaka kumsumbua mtu. Mama yangu, ambaye hajawahi kukaa mahali bila kutoa amri. Na midomo yake ilikuwa inatetemeka, ameikaza, inatetemeka tu. Ndipo nikaelewa. Chumba, rangi, pazia, kitanda kifupi, kila Jumapili na unga na nyama: mimi ndiye niliyekuwa nampigia masufuria. Nimepiga mpaka ametoka.

"Wekeni chini," nikasema.

"Bosi?"

"Wekeni chini masufuria, taratibu, yasigongane. Kuna mwenyewe humu ndani."

Tukalifungua rundo kwa mikono. Tulianza upande wa barabara, tawi moja moja, kila mtu anapokea analaza chini, hakuna anayesema neno. Upande wa mikole tukauacha wazi. Miiba ilitutoboa, lantana kavu ni mbaya kuliko mbichi, na nikamwona Tingatinga akilia kwa maumivu ya kidole huku amefumba mdomo. Nilimtuma kijana mmoja akamwambie mama tunachelewa kidogo. Mama akateremsha kioo cha gari, akatazama, na mara nikasikia mlango unafunguka.

Rundo lilipobaki kimo cha kiti, ikatoka ile pua. Tukaganda sote. Jirani akatoka upande tuliomwachia, hakukimbia. Akasimama. Akatazama kundi zima la watu wenye mikono inayotoka damu. Kisha akatembea, miguu yake ile myembamba, akaingia kwenye mikole ambayo mama aliimwagilia kwa birika, akageuka, akauchagua mkole mmoja, akausogezea jicho kwenye ncha ya kijiti kwa upole mkubwa, akapaka.

Mama alikuwa amesimama kando yangu, khanga imemteleza begani.

"Ni yeye," akasema. "Alikuwa humo siku zote?"

"Alikuwa humo."

"Na sasa ameondoka?"

Nikatazama. Kutoka mlango wa jikoni mpaka ile mikole, mtu akiita kwa sauti ya kawaida anasikika.

"Hajaondoka, mama. Amesogea tu."

Mama akatikisa kichwa kukubali. Akapandisha khanga yake begani. Halafu akaniuliza, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti ya mtoto anayeomba ruhusa:

"Na mimi je?"

Nilikwenda kwenye gari, mimi mwenyewe nikashusha sanduku lake, nikamkataza Tingatinga kulishika. Nikalibeba mpaka mlango wa jikoni, nikanyoosha mkono, mama akaniwekea ufunguo.

"Wewe kaa," nikasema. "Nitasogea mimi."

Alinikumbatia hapo mlangoni, mbele ya kikosi kizima, akaniacha, akanitazama toka juu mpaka chini.

"Utasogea na huo mdomo?"

"Na mdomo, na kile kitanda kifupi."

"Jikoni usinipangie."

"Sikupangii."

"Na pazia lako libaki hukohuko. Silitaki dirishani kwangu."

Nililala kwake siku hiyohiyo. Asubuhi niliamshwa na sauti yake, mlango wa nyuma ukiwa wazi na hewa ya bondeni imejaa nyumba nzima. Nilimkuta amesimama kizingitini na birika, miguu peku, anazungumza na ile mikole.

"Jirani, kumekucha," alikuwa anasema. "Na usishtuke ukisikia kelele humu ndani. Ni mwanangu, karudi."